Chafya ya Upande wa Pili

Boito ina vyama vingi. Kuna cha wakulima wa majani chai, kuna cha maziwa, kuna cha akina mama wa kununuliana sufuria, kuna cha kuzikana. Chama cha Hezekiah kilikuwa na watu watatu, hakikuwa na mchango wala mwenyekiti, na kilikutana kila Jumapili baada ya ibada, nyuma ya hadiwea ya Danson Muchiri, duka la misumari na saruji, kusikiliza kaseti moja. Kwa kuwa hakuna mtu sokoni aliyewahi kuona chama kisicho na mchango, watu walikata shauri kwamba ni dhehebu. Mchungaji alimwita Hezekiah akamuuliza kwa upole kama bado wako pamoja katika imani. Hezekiah akajibu kwamba wako pamoja, ila Jumapili alasiri ana shughuli.

Shughuli yenyewe ilikuwa muziki wa roki wa Waingereza, ule mrefu, ambao wimbo mmoja unaweza kujaza upande mzima wa kaseti na mpiga kinanda asionyeshe dalili ya kuchoka. Kundi lilijiita Thornwick Meridian. Albamu yao ilikuwa kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho: mtu amepoteza jina lake, basi anaingia katika nyumba yenye vyumba vingi kulitafuta. Chumba kimoja anakutana na kioo kinachokataa kumwonyesha, kingine anakutana na hakimu ambaye ni samaki. Ukiisikiliza mara moja huelewi kitu. Ukiisikiliza zaidi ya miaka thelathini, kama Hezekiah, unaanza kuelewa kwa nini hukuelewa.

Kaseti ililetwa na mdogo wake, Nicholas, Krismasi moja ya zamani. Nicholas alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha majani chai upande wa Kericho, na huko kulikuwa na mhandisi Mwingereza aliyependa mambo hayo. Nicholas alifika nyumbani Boito na mkate, kilo mbili za sukari na kaseti hiyo, akawaambia watu wakae kimya wasikilize. Walikaa kimya, lakini ni kwa sababu ya mkate. Ni Hezekiah peke yake aliyesikiliza. Mwaka uliofuata homa ya uti wa mgongo ikamchukua Nicholas kabla hajaoa. Aliacha koti, bisibisi tatu, picha ya kitambulisho ambayo ndani yake anafanana na mshukiwa, kama sisi sote, na kaseti.

Muchiri alijiunga kwa sababu redio pekee ya kaseti iliyokuwa bado nzima Boito ilikuwa yake. Alikuja kutoka Nyeri akiwa kijana, akauza misumari, akaoa, akapata mvi, na bado anaitwa mgeni. Wa tatu alikuwa Caren, mwalimu wa kemia katika shule ya wasichana, aliyekuja siku moja kununua rangi ya ukuta, akasikia ngoma nyuma ya duka, akaketi juu ya mfuko wa saruji na hakuondoka. Rangi alikuja kuichukua wiki iliyofuata.

Walijadili kila mstari. Kuna mahali mwimbaji anasema kwamba jina ni koti linalongoja msumarini. Mstari huo peke yake uliwachukua msimu mzima wa mvua.

"Koti ni sawa, tumeelewa," Muchiri alisema. "Lakini msumari ni nini? Msumari ya paa, ama ya mbao? Koti ya mvua inataka inchi nne. Ukiweka ya inchi mbili, asubuhi unapata iko chini."

"Msumari ni ukoo," Hezekiah alisema.

"Ukoo ni inchi ngapi?"

"Msumari ni wakati," alisema Caren, naye alikuwa amesoma chuo kikuu, kwa hiyo walimpa muda afafanue. Alifafanua. Muchiri akasema wakati hauwezi kushika koti.

Lakini kilichoifanya albamu hiyo kuwa kubwa machoni pao ni sauti tatu. Ya kwanza ni jogoo. Katikati ya upande wa kwanza, gitaa likiwa linalia polepole, jogoo anawika kwa mbali. Hapo ndipo mtu wa kwenye kisa anamkana baba yake, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kubishana: ni jogoo wa Petro. Hezekiah alipenda kusema kwamba jogoo wa shamba hawiki mjini, lakini huyu aliwika London. Sauti ya pili ni king'ora kinachofunga upande huo wa kwanza, kirefu, kinachopanda na kushuka. Huo ulikuwa mwisho wa dunia. Na ya tatu ni chafya.

Chafya iko upande wa pili, katika chumba cha mwisho. Ngoma zinanyamaza. Kinanda kinanyamaza. Mwimbaji anauliza kwa Kiingereza, polepole, ni nani anaitwa. Kimya. Halafu mtu anapiga chafya, na filimbi inaingia.

Muchiri ilibidi aelezwe. Kwa akina Hezekiah, mtoto akizaliwa, wanawake wazee humzunguka na kumwitia wafu wa ukoo, jina baada ya jina. Jina likitajwa na mtoto akapiga chafya, basi ni huyo. Ameitika, amerudi. Desturi hiyo huitwa kurenet, na Hezekiah alipoisikia ndani ya muziki wa wazungu wenye nywele hadi mabegani, nywele zake mwenyewe zilisimama.

"Sisi hatuulizi mtoto," Muchiri alisema. "Kijana wa kwanza ni wa baba ya baba. Wa pili ni wa baba ya mama. Mambo imeisha. Mtoto ya siku mbili anajua nini?"

"Anajua kupiga chafya," Hezekiah alisema.

Mwaka huu jambo hilo likaacha kuwa la falsafa. Chemutai, mke wa Jairus mwanawe, alikuwa mjamzito. Huyo angekuwa mjukuu wa kwanza, na Hezekiah alitaka kitu kimoja tu duniani: siku ya kuita majina, Nicholas aitwe. Alikwenda kwa shangazi yake Tecla, ambaye ndiye aliyewalea yeye na Nicholas baada ya mama yao kufariki, na ambaye sasa, kwa umri na kwa ukali, ndiye aliyeongoza shughuli hizo katika ukoo. Alimpelekea majani ya chai na sabuni. Tecla alipokea vyote viwili.

"Hapana, weri," alisema. Hezekiah ana miaka sitini na mitano, lakini kwa Tecla bado ni weri, kijana wa kutumwa kuni. "Mtu ambaye hakuacha mtoto haitwi. Atarudi kwa njia gani? Hakuna mahali alipitia."

"Senge," Hezekiah alisema, maana ndivyo shangazi anavyoitwa kwao, "ulimlea wewe mwenyewe."

"Nilimlea, nikamzika. Usinifundishe kumlilia."

Hezekiah hakukata tamaa, kwa sababu alikuwa na hoja. Mtu wa kwenye albamu hana mke. Hana mtoto. Jambo hilo limeimbwa waziwazi upande wa kwanza. Na bado anaitwa, na bado inapigwa chafya. Kama wazungu wa mbali, wasiojua kurenet wala Boito, waligundua kwamba asiye na mtoto anaweza kuitwa, basi ukweli huo ni wa watu wote. Alikuwa akiipanga hoja hii kichwani huku akichuma chai, na kati ya mistari ya michai ilisikika vizuri sana. Alikusudia kumpelekea Tecla Jumatatu.

Jumapili ya kabla yake Caren alikuja na spika ndogo ya kuunganisha na simu.

"Nimeipata kwa mtandao, Mzee," alisema. "Wameitoa upya. Imesafishwa."

Walivua kofia. Mlio ulikuwa safi hata vidole vya mpiga gitaa vilisikika vikiteleza kwenye nyuzi. Hezekiah alifumba macho akisubiri jogoo. Gitaa lililia, mtu akamkana baba yake, muziki ukasonga mbele. Hezekiah alifumbua jicho moja. Muchiri alikuwa anaitazama spika kama mtu aliyeuziwa balbu iliyoungua. Upande wa kwanza uliisha, na dunia haikuisha pamoja nao, ulinyamaza tu.

Chumba cha mwisho kikafika. Ngoma zikanyamaza, kinanda kikanyamaza, mwimbaji akauliza ni nani anaitwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, husema wahenga, lakini kimya hiki hakikuwa na mshindo wowote. Filimbi ikaingia.

"Rudisha," Hezekiah alisema.

Caren alirudisha. Ikawa vilevile.

"Simu yako imekula chafya."

"Haijakula, Mzee. Haikuwepo." Caren aliongea taratibu, kama anayempa mwanafunzi matokeo. "Hata jogoo hakuwepo. Zile sauti zilikuwa kelele tu."

Hezekiah aliketi juu ya mfuko wa saruji. Kilichomuuma hakikuwa albamu. Aliona hoja yake yote, ile iliyokuwa imesimama wima kati ya michai, imelala chini, na Nicholas amelala nayo. Jumatatu hakuwa na cha kumwambia Tecla.

Muchiri alikuwa amekwenda kuchukua kaseti ya zamani, ambayo Hezekiah alikuja nayo kila Jumapili. Aliigeuza mkononi, akaipangusa vumbi.

"Hii kitu tumefanya wote," alisema. "Redio mbili, unaweka ziangaliane. Unafinya hapa, unafinya pale, unaambia watu nyumbani wasikohoe. Hii ilirekodiwa hivyo, huko Kericho. Jogoo ni ya jirani. Hiyo king'ora ni ya faktori, inaita watu wa shifti."

Kumbe jogoo yule hakuwa amefika hata Nakuru. Petro alikuwa kuku wa nyumba za wafanyakazi, na mwisho wa dunia ulikuwa zamu ya mchana. Caren alianza kucheka, akajizuia alipouona uso wa Hezekiah.

"Sasa," Muchiri alisema, "nani alipiga chafya?"

Hakumaanisha kitu. Alikuwa anauliza tu, kama unavyouliza ni nani ameacha mlango wazi. Lakini Hezekiah aliinua kichwa. Aliomba kaseti iwekwe tena kwenye redio, pale pale mahali pa chafya, na safari hii hakumsikiliza mwimbaji.

Chafya ilianza kama mtu anayemeza mate. Ikazuiwa, ikazuiwa tena, kisha ikapasuka, na mwishoni ikaacha mkia mdogo, "yoo", kama mtu aliyekukanyaga mguu na anaomba radhi. Hezekiah aliifahamu chafya hiyo tangu utotoni. Walilala kitanda kimoja. Tecla alikuwa akimchapa Nicholas mgongoni akipiga chafya karibu na chakula, basi mtoto akajifunza kuizuia, na ikishindikana kuzuilika, kuomba msamaha humo humo ndani ya chafya.

Miaka yote hiyo alikuwa nayo ndani ya kabati. Hakuisikia kwa sababu alikuwa anasikiliza falsafa.

"Ni Nicholas," alisema. Halafu akasema tena. Muchiri alizima redio, akaifuta kwa kitambaa ingawa haikuwa na vumbi.

Mtoto alizaliwa Bomet wiki hiyo, mvulana, akaletwa nyumbani amefungwa mablanketi kama kiazi cha kupeleka mjini. Siku ya kuita majina wanawake walijaa katika nyumba ya Jairus asubuhi, Tecla akaomba kwa jina la Yesu, akawafukuza wanaume wote. Hezekiah na Muchiri walikwenda kusimama nyuma ya nyumba chini ya dirisha, mahali ambapo, kwa mujibu wa desturi, hawakuwapo. Muchiri alikuwa ameshika betri za akiba.

Hezekiah hakuwa amemwambia Tecla lolote. Aliogopa kukataliwa mara ya pili. Alimwomba Caren tu, kwa kuwa Caren ni mwanamke na angeweza kuingia, naye Caren aliingia na kikapu: juu unga na sukari, chini redio. Simu yake aliiweka dirishani ikirekodi. Alikuwa amesema utepe wa kaseti umechoka na siku yoyote utakatika.

Mambo ndani hayakwenda vizuri. Zamani, mtoto akichelewa, ugoro kidogo ulisogezwa puani na wafu waliitika haraka. Lakini nesi wa kliniki alikuwa amekataza ugoro karibu na mtoto, na Chemutai alikuwa amekaa katikati kama askari kuhakikisha. Tecla aliita wazee wote wa ukoo wenye heshima. Mtoto alipiga miayo. Aliita ndugu zao. Mtoto akapata kwikwi. Kwikwi ikajadiliwa, ikakataliwa. Aliita mpaka akafika kwa mzee mmoja ambaye hakuna aliyempenda, na hata huyo hakutaka kuja.

Nje, Hezekiah alisikia kikapu kikifunguliwa.

"Hiyo ni nini?" sauti ya Tecla.

"Ni redio, Kogo," Caren alisema, akimwita bibi kwa heshima.

"Ya nini? Kwani tumekosa habari?"

"Mzee Hezekiah anaomba usikie kitu kidogo tu."

"Huyo weri hasikii. Nilimwambia." Akasonya. "Weka basi. Mtoto mwenyewe amelala."

Kitufe kikabonyezwa. Kinanda, ngoma, wanawake wawili wakaguna. Ngoma zikanyamaza. Mwimbaji akauliza kwa Kiingereza ni nani anaitwa, na katika chumba kile ni Caren na Chemutai tu walioelewa ameuliza nini. Halafu chafya, na mkia wake.

Hezekiah alikuwa ameweka paji la uso ukutani. Alisikia kiti kikisogezwa.

"Rudisha," Tecla alisema.

Ikarudishwa. Ngoma, kimya, swali, chafya, yoo.

"Huyu nilimchapa mgongo," Tecla alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, wala haikuwa inamwambia mtu. "Nilimwambia asipige chafya kwa chakula. Huyu ni wangu." Alikohoa, na ukali wake ukarudi kidogo. "Mwalimu, rudisha tena, ngoja niseme, halafu ufinye."

Hakumwita Nicholas, kwa sababu hilo ni jina la kanisani na wafu hawalijui. Alimwita kwa jina la nyumbani, kwa sauti kubwa, kama anayemwita mtu kutoka ng'ambo ya bonde.

"Kipkurui!"

Caren akabonyeza. Chafya ikapigwa.

"Amepiga," Tecla alisema. "Mmesikia nyote."

"Lakini Senge," mwanamke mmoja alisema, "si mtoto amepiga. Mtoto amelala."

"Mtoto humpigia chafya mwenye jina, kwa sababu mwenye jina hana pua," Tecla alisema. "Huyu amekuja na yake. Nani hapa anataka kumwambia arudi?"

Hakuna aliyetaka. Vigelegele vikapanda, mtoto akaamka akalia, na chini ya hayo yote filimbi ya Waingereza ikaendelea, kwa sababu Caren alikuwa amesahau kuizima.

Nyuma ya nyumba Muchiri alihamisha betri kutoka mkono huu kwenda ule.

"Nimeelewa msumari ya koti," alisema.

Hezekiah aliondoa paji la uso ukutani. "Ni nini?"

"Ni huyo mama mzee."

"Inchi ngapi?" Hezekiah aliuliza, kisha akalia. Alilia vibaya, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kufanya mazoezi. Mazishini hakulia, kwa kuwa alikuwa ndiye mkubwa na kulikuwa na wageni wa kulishwa. Muchiri alitazama shamba la chai la jirani kwa makini sana, mpaka kilio kilipoisha.

Jumapili iliyofuata walikutana kama kawaida. Kaseti ilikuwa imepumzishwa ndani ya soksi, kwenye kabati la Hezekiah. Caren aliunganisha simu na spika, akawachezea alichokirekodi dirishani. Yote yalikuwemo: kikapu, wanawake wakiguna, swali, Tecla akimwita mtu wake, chafya, vigelegele, mtoto. Kisha filimbi, na ndani ya filimbi, kwa mbali, upande wa nje wa ukuta, mwanamume mzima analia.

Hezekiah alitazama viatu vyake. Caren alisimamisha simu haraka.

"Hapo naweza kusafisha, Mzee," alisema. "Kuna njia ya kutoa kelele."

"Wacha, Mwalimu," Muchiri alisema. "Hiyo si kelele. Iko kwa wimbo."

Caren alimtazama Hezekiah. Hezekiah alivua kofia, akaiweka juu ya goti, akamwambia arudishe kutoka mwanzo.